Benchi Pana Kuliko Mlango

Shemeji yake alipoingia karakana, Sikudhani aliendelea kupaka nta droo ya mwisho. Benchi lile jipya alilijenga mwenyewe, akiifungia ndani yake mashine ya randa aliyoiacha marehemu mumewe. Kila kifaa kilikuwa na mahali pake: visu vya akiba vimelazwa juu ya kitambaa, spana zimening'inia, misumeno ya duara imesimama kwenye nafasi zake kama sahani kabatini.

“Eda imekwisha,” alisema Shomvi. “Ukoo umeamua mashine ije kwangu. Mwanamke na randa ya umeme, wapi na wapi? Gari liko nje.”

“Haya, chukua.”

Shomvi alilishika benchi, akatazama mlango, akacheka. “Fundi gani wewe! Limekuwa pana kuliko mlango. Litatokaje?”

“Nani kakwambia linatoka?”

Kicheko kikamkauka. “Basi nitalivunja, niitoe mashine.”

Sikudhani akampa nyundo. “Wewe nawe ni fundi, shemeji. Desturi yetu unaijua: huvunji kazi ya fundi mwenzako mpaka uonyeshe kasoro yake. Ionyeshe.”

Shomvi akainama. Akavuta droo, ikaja bila kukwaruza. Akapitisha kidole gumba kwenye kiungo kimoja, akarudia, akahamia kingine. Nje, dereva alipiga honi. Shomvi hakugeuka. Nyundo ilining'inia mkononi mwake, na kidole kiliendelea kutafuta.

Sikudhani akakaza kanga kiunoni, akachukua ubao, akawasha mashine.