Dakika Nne za Verlin

Mkono uliingia kwenye mtungi wa kioo, ukatoka na kidonge cha buluu kikubwa kama yai la njiwa. Jikoni kwa dada yangu, huku Iowa, sote tuliikodolea macho televisheni. Kila kidonge kilibeba tarehe, na vijana waliozaliwa tarehe ya kwanza kutoka ndio wangetangulia kuitwa vitani Vietnam.

"Mjomba, nikitoka wa kwanza, trekta langu chukua wewe," alisema mpwa wangu Verlin, mdomo umejaa viazi.

"Lile kopo? Bora niende vitani mimi!"

Dada yangu hakucheka. Alikuwa anafuta sahani.

"Septemba kumi na nne," akasoma mtu wa televisheni.

Uma wa Verlin ukabaki hewani. Ilikuwa siku yake.

Dada yangu aliendelea kuifuta sahani ile ile, kavu kabisa, mpaka ikaanza kulia. Huyu ni mwanamke ambaye heri angemeza paka mweusi na manyoya yake kuliko kuwa mtu wa kumi na tatu mezani.

"Nilimwomba mkunga," akasema. "Nilimwambia sitaki mwanangu abebe mkosi wa tarehe kumi na tatu. Akaniandikia kumi na nne."

"Nilizaliwa saa ngapi, Mama?"

"Zilibaki dakika nne ifike saa sita usiku."

Kwenye televisheni, mkono ulikuwa unarudi mtungini. Verlin akasogeza kiti chake karibu.

"Nyamazeni," akasema. "Nataka kuisikia yangu ya kweli ikitoka."