Msiba wa Katuni

Msichana mwenye mkia wa mbweha alikuwa analia kwa kwikwi kwenye mstari wa mbele.

Msimamizi wa ukumbi, ambaye kila mtu alimwita Mzee Kanuni, alisimama mlangoni na funguo zake mkononi, akahisi kinyaa. Mkia wenyewe ulikuwa wa manyoya ya bandia, umeshonewa kwenye sketi, na ulikuwa unafagia sakafu aliyoipiga deki asubuhi. Kando yake kijana mwenye wigi la bluu alikuwa anapenga kamasi kwenye mkono wa joho. Nyuma yao walikuwapo wengine kama thelathini, na mapanga ya sponji, na mabawa ya karatasi, na nyuso zilizopakwa rangi ambayo sasa ilikuwa inachuruzika pamoja na machozi hadi kwenye kola.

Wote walikuwa wanaililia picha. Tena si picha ya mtu. Ilikuwa picha ya kuchorwa, ya zile katuni za Kijapani: kijana mwenye macho makubwa kama visahani, nywele za kijani zimesimama wima. Waliitundika ndani ya ukumbi wake, kwenye fremu nzito iliyozungushiwa maua meupe, na chini yake wakaweka kadi yenye mwaka wa kuzaliwa na mwaka wa kufa. Alipiga hesabu. Miaka kumi na saba! Siku hizi hata mchoro una umri.

Mzee Kanuni alisonya. Aliwajua watu wa aina hii. Mwaka jana kikundi kimoja kilikodi ukumbi kwa sherehe ya kuzaliwa, naye kwa ujinga wake akadhani kuna mtoto. Hapakuwa na mtoto. Palikuwa na keki, mishumaa, na mchoro wa kijana mwenye pembe umekalishwa kwenye kiti cha mgeni wa heshima, huku watu wazima wenye vitambulisho vya kazi shingoni wakiuimbia. Mmoja wao aliulisha keki. Aliulisha, kabisa! Krimu ilikaukia kwenye kitambaa cha kiti, akaikwangua siku mbili. Tangu hapo, akiona mtu na wigi la rangi, roho inamchafuka.

Na leo wamehamia kwenye misiba. Mke wake mwenyewe alipofariki, waliokuja walikuwa watu kumi na mmoja, pamoja na dereva, na hakuna aliyelia hivi.

Kijana wa wigi la bluu alisimama mbele ya wenzake, sauti ikimkatika.

"Mimi nilikuwa nimeshakata tamaa ya kila kitu," akasema. "Yeye ndiye aliyeniambia niendelee. Na wakati huo alikuwa anaumia kuliko mimi, ila hakulalamika hata siku moja."

"Kweli kabisa," akaitikia mwenye mabawa.

Mzee Kanuni akaona yametosha. Alikatiza katikati ya viti kwa hatua ndefu, akagongesha funguo kwenye meza.

"Haya, basi! Msiba ni kitu cha heshima, siyo maigizo. Kusanyeni manyoya yenu mtoke."

"Mzee, subiri, hujui..." msichana wa mkia alianza.

"Najua sana! Mwaka jana mlimkatia keki, mwaka huu mmemuua."

"Yule alikuwa mwingine. Na hatukuwa sisi."

"Sura zao zote moja!"

Hapo ndipo alipoinuka mwanamke mmoja ambaye hakuwa na wigi wala rangi usoni. Alikuwa mtu wa makamo, gauni lake la kawaida limefungwa vifungo vikipishana. Mzee Kanuni akazidi kukirihika. Vijana angalau utasema damu inachemka, lakini mtu mzima kama huyu!

"Mzee wangu," mwanamke akasema taratibu, "tuachie nusu saa tu. Nilimwahidi nitamuaga hivi."

"Ulimwahidi nani?"

Mwanamke akaitazama picha. "Yeye."

"Na anakusikia?"

"Sijui," akajibu. "Naomba hiyo nusu saa. Sina siku nyingine ya kumuaga."

"Mama, huoni haya? Na umri wote huo! Huna watoto nyumbani wa kuwahangaikia?"

Ukumbi mzima ukainamisha vichwa, hata wenye kwikwi. Mzee Kanuni akadhani hatimaye wameona aibu, akapata nguvu zaidi.

Aliifuata fremu pale mbele. Msichana wa mkia akamdaka mkono, lakini mzee akajinasua.

"Usiiguse hiyo!" mwanamke akapiga kelele, na ilikuwa mara ya kwanza kupaza sauti. "Nakuomba, baba yangu. Tufukuze, tutatoka sasa hivi, lakini hiyo usiiguse."

Kuililia karatasi namna hiyo! Alitamani kutema mate. Mchoro haukuwa ndani ya kioo, ulikuwa umebandikwa juu yake kwa selotepu. Akaushika pembeni, akauchana hadi chini mbele ya macho ya wote.

Nyuma ya kioo kulikuwa na picha ya kijana anayecheka kwenye kitanda cha hospitali, kichwani hana unywele hata mmoja, mpira wa oksijeni puani. Chini yake, kwa kalamu ya bluu na mwandiko wa kutetemeka, palikuwa pameandikwa: "Mama, hii ibaki yetu wawili."