Maji ya Mchwa

Kabla ya kupika chai, Bibi alitoka na kopo la maji, akainama kwa shida nyuma ya nyumba, akawanywesha mchwa. Alimimina polepole pembeni mwa msingi, pale ukuta wa mbao unapogusana na udongo. Kisha akasukumia hapo boksi kuukuu lililolowa, akalikandamiza kwa mguu.

"Kuleni, wanangu," aliwaambia. "Leo mna wageni."

Usidhani alikuwa na wazimu. Akili zake zilikuwa timamu kuliko za wengi wetu. Mumewe alipofariki, watoto wao watano walikaa kikao wakaamua nyumba iuzwe, kila mmoja apate chake. Bibi angehamia kwa kitindamimba wake, aliyekuwa amebanana na mke na watoto wanne katika vyumba viwili, ghorofa ya nne. Angelala kwenye kochi. Kwa magoti yale, ngazi zile angezipanda mara moja tu, na siku ya kushuka angeshuka amebebwa. Hilo lilimtisha kuliko kifo chenyewe.

Basi akatafuta njia. Marehemu alipigana na mchwa maisha yake yote, na kila siku alikuwa na katazo: msiegemeze kuni ukutani, msimwage maji karibu na msingi, msiache maboksi chini. Bibi aliegemeza, akamwaga, akaacha. Nani angenunua nyumba iliyoliwa? Isipouzwa, atafia kitandani kwake. Juhudi zote alizielekeza kwenye vyumba viwili vya nyuma, alikolala, kwa kuwa vilikuwa vya mbao tupu na mchwa hawakuhitaji kubembelezwa. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Cha Bibi kilikuwa ukutani, na yeye mwenyewe ndiye aliyekipakulia.

Kitindamimba alifika asubuhi hiyo na mpiga dawa ya mchwa, mwanamume mwembamba mwenye bisibisi mfukoni. Mnunuzi alikuwa amekwishapatikana, na nyumba ilitakiwa ikaguliwe kabla hajatia saini.

Walianzia mbele. Mpiga dawa aligonga fremu ya mlango kwa kifundo cha kidole, akatega sikio, akagonga tena.

"Hapa pazima," alisema.

Sebuleni nako ilikuwa vivyo hivyo: kuta za matofali, fremu ngumu. Bibi alikunja uso.

"Na vya nyuma?" kitindamimba aliuliza.

"Tunakwenda huko."

"Vyumba hivyo ndivyo ninavyotaka uviangalie vizuri."

Bibi alimtazama mwanawe kwa pembe ya jicho. Huyu naye, aliwaza, nimemnyonyesha mwenyewe, leo ana haraka ya kuuza mpaka mahali ninapoweka ubavu. Moyo ulimuuma, lakini aliwafuata.

Nyuma, mpiga dawa hakuhitaji kugonga sana. Rangi ya ukuta ilikuwa imevimba. Aliibonyeza na kidole kikazama. Alikwangua kijia kimoja kati ya vijia vya udongo vilivyopanda hadi darini, na mchwa weupe wakatawanyika. Dirishani palijaa mbawa za kumbikumbi. Alipoichoma boriti, bisibisi iliingia mpaka kwenye mpini, kana kwamba amechoma ndizi mbivu.

"Mama, hukuona dalili yoyote?"

"Mwanangu, macho yenyewe ndiyo haya."

"Na hapa chini mbona pamelowa? Mvua yenyewe hakuna."

"Nikinawa, maji yanakwenda yanakotaka."

Mpiga dawa aliguna. Bibi alijikaza asicheke. Alijisikia kama mzazi anayesomewa matokeo ya mtoto aliyeongoza darasa.

"Si utapiga dawa?" kitindamimba aliuliza.

"Dawa inazuia, ndugu yangu. Hapa kimebaki nini cha kuzuia? Ungeniita mapema ningechimba msingi, nikatia dawa, tukabadilisha mbao mbili tatu."

"Tuzibadilishe hata leo."

"Zote? Hiyo ni nyumba nyingine, na uwezo huo huna, hata mimi sina. Paa hili limesimama kwa huruma ya Mungu. Vyumba hivi vibomolewe, na mama asilale humu hata usiku mmoja."

Akafuta bisibisi kwenye suruali, akaaga, akaenda zake.

"Basi ndiyo hivyo," Bibi alisema, akijitahidi kusikitika. "Nani atanunua gofu? Waambie ndugu zako wasahau."

Kitindamimba aliketi kwenye ukingo wa kitanda. Hakumtazama.

"Itauzwa, mama. Mnunuzi anataka upande wa mbele tu, afungue duka. Na mbele umesikia mwenyewe, ni pazima. Kesho anatia saini."

Bibi alishika ukuta, kisha akauachia haraka kwa sababu ulikuwa ukimeguka mkononi. Miezi yote ile ya kuinama, na nyumba imeuzwa vilevile. Alitamani akae chini alie kama mtoto mdogo.

"Kwa hiyo mimi ni wa kwenye kochi," alisema.

"Nilizunguka kwa ndugu zangu wote, mama. Niliwapigia magoti mmoja mmoja mpaka wakakubali, na mnunuzi naye akakubali. Sikukwambia kwa sababu niliogopa kukupa tumaini la bure kabla hatujaandikiana." Alijifuta uso kwa kiganja. "Vyumba hivi viwili havikuwa vya kuuzwa. Tuliafikiana: maadamu vimesimama, ni vyako mpaka Mungu atakapokuchukua."