Jina Kwenye Pini

Pini ya mkono wa katapila ilikuwa imeganda kwa kutu. Isipotoka siku hiyo, kazi ya kuchimba mtaro ingepewa mtu mwingine, na Bi Tatu hakuwa na mashine nyingine.

Fundi Mapunda aliitwanga kwa nyundo mpaka akaketi chini.

"Imekataa, shemeji. Nitaitoboa katikati kwa moto. Ikipoa itanywea, itatoka."

"Basi toboa upande wa pili," alisema Bi Tatu.

"Upande wa pili umezibwa na jeki ya kuinulia mkono. Ni hapa kichwani tu."

Kichwani ndipo marehemu mumewe alipochonga jina lake kwa tindo, NASIBU, wiki waliyonunua mashine. Enzi zake, kila asubuhi alipaka grisi kwanza, ndipo akanywa chai. Chai ikiwa imepoa, alimlaumu Bi Tatu. Tangu azikwe, hakuna aliyekumbuka grisi.

"Angekuwepo angetutukana sote," alisema Mapunda.

"Angeanza na wewe." Bi Tatu alicheka, akazipangusa zile herufi kwa kiganja, kisha akasogea pembeni. "Washa."

Mapunda alifungua oksijeni. Ufito wa chuma wenye tundu, uliounganishwa na mtungi, uliwaka mweupe, ukazama ndani ya pini, na chuma kilichoyeyuka kikamwagika mchangani. Pini ilipopoa, pigo moja la nyundo liliitoa.

Kazi hiyo ilikula fito tatu, mtungi mzima wa oksijeni na herufi nne. Zilibaki N na U, na katikati yake tundu. Bi Tatu aliinama, akachungulia tunduni.