Vishimo vya Jikoni

Sudi aliingia jikoni na jembe. Mkewe, Mwanaidi, alikuwa ameamka tena akichechemea, kisigino kikimchoma kama kakanyaga msumari, na majirani walishasema kuna dawa imefukiwa humo.

"Baba Rehema, utanibomolea sakafu bure," Mwanaidi alisema, kashikilia mlango.

"Niache. Waliokutegea nitawaumbua leo."

Alifagia unga uliotapakaa mbele ya meza, pale mkewe alipokuwa akisimama peku kila alfajiri, miaka nenda rudi, akisukuma chapati za kuuza. Akainua jembe. Mikono ikamgandia juu.

Kwenye saruji palikuwa na vishimo viwili vya mviringo, vimelainika kama ndani ya bakuli.

Sudi akaweka jembe chini taratibu, akavua viatu, akakanyaga. Visigino vyake vikatua humo kama vimepimwa. Saruji ilikuwa ngumu, baridi yake ikampanda hadi magotini.

"Umeiona hiyo dawa?"

"Nimeona," akajibu kwa sauti ya mtu aliye msikitini.

Nje, wateja walishaanza kugonga sahani. Sudi hakutoka kwenye vile vishimo. Alinyoosha mkono, akachukua donge la kwanza la chapati.