Kilemba cha Fundi Haji

Mwatumu alimwekea tena Fundi Haji kilemba mezani, kando ya cherehani. Mwanagenzi aliyehitimu humpa fundi wake kilemba, na fundi akikivaa mbele ya watu, ruhusa ya kujitegemea imetoka. Haji alikuwa akikikataa kila mara, na bila ruhusa yake hakuna mtu katika mji ule ambaye angempa Mwatumu hata shati la kushona.

"Kirudishe, mwanangu. Nakupenda kama niliyekuzaa. Nitakuachaje uende?"

"Fundi, nimesoma kwenye kamusi. Lile neno la Waingereza, free, mzizi wake ni kupenda. Waliopendwa nyumbani ndio walioitwa huru. Watumwa hawakuhesabiwa humo."

"Umeona? Hata Waingereza wananiunga mkono. Nakupenda, basi uko huru. Haya, nipindie suruali hii."

Mwatumu hakuigusa suruali. Alikikunjua kilemba, akasimama nyuma ya kiti cha fundi, akaanza kumzungushia kichwani, akikaza kila mzunguko. Wateja waliokaa barazani waligeuka, wakatazama.

Mkono wa Haji ulipanda hadi kwenye kitambaa, ukatulia hapo bila kukivua.