Kura ya Ukoo wa Dong

Mzee Qinghai wa Mtaa wa Juu alimpokonya Mwalimu Yueqin kipaza sauti kabla hajamaliza kusema "usawa."

"Usawa kafundishe darasani!" akafoka. "Huko nje mchagueni rais mpaka mchoke. Humu ndani ni nyumba ya mabwana. Babu zenu walikuwa watumwa wetu. Walinunuliwa siku moja pamoja na nguruwe, na nguruwe ndio waliokuwa ghali!"

Watu wa Mtaa wa Juu wakacheka na kupiga meza. Wa Mtaa wa Chini, waliosimamishwa uani kwenye upepo wa kisiwa cha Jinmen unaochoma masikio, wakatazama viatu vyao.

Siku hiyo ukoo ulikuwa unachagua mwenyekiti. Wote waliitwa Dong, maana zamani mtumwa alibandikwa jina la bwana wake kama ng'ombe anavyopigwa chapa. Mwenyekiti ndiye aliyeamua ni marehemu gani wawekewe vibao vya majina yao madhabahuni, na kwa zaidi ya miaka mia tatu hakuna kibao hata kimoja cha Mtaa wa Chini kilichovuka kizingiti. Cha baba yake Yueqin kilikuwa na mwaka wa pili juu ya friji, kando ya birika.

Ndiyo maana aligombea. Alifundisha uraia miaka thelathini, na kijiji kizima kilijua wimbo wake: mtu mmoja, kura moja. Aliyemsukuma hasa ni jirani yake Axia, mfungua chaza, aliyezunguka nyumba kwa nyumba kumwombea kura, vidole vimejaa chale za kisu. Asubuhi hiyo Axia alikuwa amempisha kwenye benchi. Mwalimu alitoa leso, akapangusa pale alipokuwa amekaa mwenzake, ndipo akaketi.

"Mzee, sheria ya nchi inasema..." Yueqin akaanza tena.

"Sheria ya nchi imeukuta ukoo huu," Qinghai akamkatiza. "Natoa azimio. Uzao wa watumwa usipige kura, usigombee, usiweke kibao. Nani ni nani, kitabu cha ukoo kitatuambia."

"Hata kikisema babu yangu alikuwa punda!" Yueqin akapaza sauti, machozi yakimlenga. "Damu haina kura, Mzee. Mtu ndiye mwenye kura. Mtu yeyote!"

Uani wakashangilia. Axia akalia bila kujificha.

Mikono ikainuliwa. Arobaini na moja kwa thelathini na nane. Azimio likapita, likagongwa muhuri.

Kasha la kitabu likafunguliwa. Kila mwaka Mzee Qinghai alikifukizia ubani kitabu kile, akakiinamia, na hajawahi kusoma hata mstari mmoja. Mwandiko wa kale aliujua Baolu peke yake, mtunza nyumba ya ukoo, mtu mpole mwenye miwani mizito. Yeye, kama baba yake na babu yake, ndiye aliyeandika majina ya waliozaliwa, na hakuna aliyewahi kumuuliza ameandika nini.

"Nisome yote?" Baolu akauliza.

"Soma! Na usiwaonee haya."

Baolu akasoma. "'Mimi Dong Yinglong, bwana wa nyumba hii, naandika nikiwa kwenye banda la nguruwe. Mwaka huu wa vita watumwa wangu wameasi. Wameiteka nyumba ya juu, wamevaa nguo zetu, na kwa wageni wanajiita wanangu. Nimeshuka chini na mwanangu wa pekee, Wen'an, pamoja na watumwa watatu waliokataa kuniacha.'"

Watu wa Mtaa wa Juu wakainua shingo kukitazama kitabu.

Baolu akafunua kurasa bila haraka. "Wa Mtaa wa Juu wote ni uzao wa wale walioasi. Wa Mtaa wa Chini ni uzao wa wale watatu. Isipokuwa nyumba moja, ya Wen'an." Akashuka na kidole chake, jina baada ya jina, baba hadi mwana, mpaka ukurasa ambao wino wake ulikuwa bado mweusi. "Wa mwisho, na pekee aliyebaki, ni Dong Yueqin, mwalimu. Hana mtoto."

Mzee Qinghai akaketi. Sauti yake sasa ilikuwa ndogo, ya kuombaomba.

"Mwalimu... dada yangu... si umesema mwenyewe hapa? Damu haina kura."

Lakini Axia alikuwa ameshavuka kizingiti mbio, amemkumbatia Mwalimu kwa mikono yote miwili, anacheka na kulia kwa pamoja.

"Tumewapata! Mwalimu wangu, tumewapata! Haya, lifute hilo azimio lao la kipumbavu, tupige kura sote tukale!"

Watu wote, wa juu na wa chini, wakamgeukia mwanamke mmoja.

Yueqin akajinasua taratibu. Akainyoosha blauzi yake pale ilipokuwa imeshikwa.

"Azimio limeshapita," akasema. "Uzao wa watumwa, nje. Na wewe, Axia."